Anapoikataa sahani, huenda anaukataa mwili wake

MTOTO akikataa chakula, wazazi wengi mjini Kisii hushuku mambo mawili. La kwanza ni malaria, na dawa hutafutwa. Malaria ikikosekana, basi ni kiburi, na hapo maneno makali hutafutwa. Ni wachache wanaofikiria jambo la tatu: kwamba kijana anayeisukuma sahani kando huenda hana ugomvi na ugali wala na aliyeupika. Ana ugomvi na mwili wake mwenyewe.

Ugomvi huo si mgeni. Umri wa kubalehe huwasumbua wasichana kwa wavulana. Huyu analia kwamba chunusi zimemharibu uso, yule anajiona mfupi, mwingine anajiona mnene. Wengi huvuka salama. Lakini kuna kundi moja la vijana ambao ugomvi huu huwa mkali kupita kiasi, na ambao huzungumziwa kwa minong'ono tu, ikiwa wanazungumziwa kabisa. Hao ni vijana ambao miili yao inakua kuelekea upande mmoja ilhali nafsi zao zinawaambia kuwa wao ni wa upande mwingine.

Makala haya hayakusudii kumwamulia mzazi wa Nyanchwa imani yake. Mtaa huo wa mlimani unaoutazama mji wa Kisii umekuwa makao ya misheni ya Waadventista Wasabato kwa zaidi ya miaka 100, na mambo ya mwili, chakula na maadili ni mazungumzo ya kawaida humo. Tunalotaka kusema ni dogo kuliko hayo, lakini ni la haraka zaidi: maswali kuhusu jinsia yanaweza kungoja, njaa haingoji.

Ni vijana gani hawa?

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayako wazi kuwa ya kike wala ya kiume. Kenya iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, na ikapata 1,524. Kijana tunayemzungumzia hapa ni tofauti. Alipozaliwa, mkunga alimtazama na kusema bila wasiwasi, "Ni msichana," au "Ni mvulana." Lakini kadiri anavyokua, yeye mwenyewe anajijua vingine. Watu wa namna hii huitwa transjenda.

Je, ni wazimu? Shirika la Afya Duniani lilijibu swali hilo Mei 2019, nchi wanachama zilipopitisha orodha mpya ya magonjwa ambayo ilianza kutumika Januari 2022. Katika orodha hiyo, hali ya nafsi kutopatana na jinsia ya kuzaliwa iliondolewa katika sura ya magonjwa ya akili na kuwekwa katika sura inayohusu afya ya kijinsia. Yaani mtu anaweza kuhitaji msaada wa daktari kwa sababu ya hali hiyo, lakini si kwamba akili zake zimeruka.

Hapa Kenya jambo hili limefika mahakamani zaidi ya mara moja. Kesi iliyojulikana sana ni ya Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 akitumia jina la kiume. Oktoba 2014, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliagiza Baraza la Mitihani la Kitaifa limpe cheti kipya chenye jina analolitumia, kisichokuwa na alama ya jinsia. Mtu mzima anaweza kwenda mahakamani kudai cheti chake. Kijana wa kidato cha pili hana wakili. Ana mwili tu, na mara nyingi mwili huo ndio anaoushtaki.

Kwa nini chakula?

Msomaji atauliza: haya yanahusiana vipi na sufuria?

Tuchukue mfano wa kijana aliyelelewa kama msichana lakini anayejijua kuwa mvulana. Akifika miaka 12 au 13, mwili unamsaliti. Matiti yanachomoza, nyonga zinapanuka, damu ya mwezi inaanza. Hawezi kumwambia mtu. Lakini siku moja anagundua kwamba akila kidogo sana kwa muda mrefu, kifua kinapungua, nyonga zinayeyuka na damu inakoma. Njaa imempa alichokuwa akikiomba. Nani atamshawishi ale?

Tuchukue wa pili, aliyelelewa kama mvulana lakini anayejijua kuwa msichana. Anaona mabega yakitanuka na misuli ikikaza. Anaogopa kwamba kila tonge la ugali na kila kipande cha nyama kitamwongezea uanaume asioutaka. Naye anaanza kupunguza, halafu kuficha, halafu kutapika.

Wa tatu hapunguzi, bali anakula bila kikomo. Kula kunamtuliza kwa dakika chache, na mwili mnene unamfichia umbo asilotaka lionekane. Mbele ya watu hagusi chakula, usiku anamaliza mkate mzima peke yake na kuamka na aibu.

Kwa hivyo si urembo wanaoutafuta, kama wengi wanavyodhani. Wanajaribu kusimamisha saa ya mwili, na chakula ndicho kitu pekee kilicho mikononi mwao.

Tatizo hili ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2015, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 289,024 kutoka vyuo vikuu 223. Miongoni mwa wanafunzi transjenda, karibu 16 katika kila 100 walisema kuwa katika mwaka uliotangulia walikuwa wamepatikana na maradhi ya ulaji. Miongoni mwa wanafunzi wa kike wasio transjenda na wanaovutiwa na wanaume, waliosema hivyo hawakufika wawili katika kila 100. Hizo ni hesabu za Marekani, si za Kisii. Lakini zinatuonyesha ni kijana gani wa kumwangalia kwa makini zaidi.

"Hayo ni maradhi ya Wazungu"

Jibu hilo ni maarufu, na lina sababu yake. Huku kwetu mtu aliyenenepa husifiwa kuwa amenawiri, na aliyekonda huulizwa kama ni mgonjwa au ana dhiki. Itakuwaje mtoto wa Kigusii, aliyekua akila ugali wa wimbi na ndizi, ajinyime chakula kwa hiari?

Watu wa visiwa vya Fiji walidhani hivyo pia. Nao waliusifu mwili mkubwa, na mgeni alilazimishwa kula. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika eneo la Nadroga, na watafiti wakawachunguza wasichana wa shule wakati huo na tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Miaka mitatu baadaye, zaidi ya 11 katika kila 100 walisema wanafanya hivyo, na 74 katika kila 100 walijiona wanene kupita kiasi.

Ikiwa televisheni pekee ilifanya hayo kwa miaka mitatu, simu iliyo mkononi mwa mtoto wako usiku na mchana inafanya nini? Kijana transjenda wa Nyanchwa anatazama TikTok na Instagram kama wenzake. Ila yeye hatazami mwembamba na mnene tu. Anatazama pia nani anafanana na mwanamume na nani anafanana na mwanamke, na kila picha anaipima na kioo.

Halafu kuna mambo ya nyumbani kwetu. Kwa Abagusii, mwili wa kijana haujawahi kuwa jambo lake peke yake. Likizo ya mwisho wa mwaka ikifika, wavulana huingia jandoni. Aliyekuwa *omoisia* hutoka akiwa *omomura*, na anapouguza jeraha hulishwa vizuri ili apate nguvu. Kwa wengi ni wakati wa fahari. Lakini fikiria yule ambaye jando linamtia muhuri asioutaka, au yule anayewaona kaka zake wakisherehekewa huku yeye akitumwa jikoni. Msimu huo wa vyakula vingi huenda ndio msimu ambao yeye anakula kidogo zaidi.

Njaa hugeuza akili

Wazazi wengi hulalamika: "Huyu mtoto amebadilika. Amekuwa mkali, hasemi na mtu, hasomi." Wengine husema amepagawa. Kabla ya kufika huko, wasikie yaliyotokea katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kati ya 1944 na 1945.

Wanaume 36 wenye afya na akili timamu walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita, ili wataalamu wajue jinsi ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza wengi ni mabadiliko ya tabia. Watu wapole waligeuka wepesi wa hasira. Walijitenga. Walihuzunika. Walishindwa kukaza fikira. Waliwaza chakula mchana kutwa na kukiota usiku. Hawakuwa na shida yoyote ya jinsia wala ya familia. Njaa pekee ilitosha.

Kwa hivyo kijana anayejinyima ana mizigo miwili: ule wa mwanzo wa kutopatana na mwili wake, na huu wa pili unaoletwa na njaa yenyewe. Ukigombana naye akiwa na njaa, unagombana na njaa. Mlishe kwanza ndipo mzungumze.

Mwili nao hulipa. Sehemu kubwa ya uimara wa mifupa hujengwa katika miaka ya ujana, na mwenye kukosa chakula wakati huo huenda akabaki na mifupa dhaifu maisha yake yote. Damu ya mwezi inapokoma kwa sababu ya njaa, huyo kijana anaweza kufurahi, lakini kwa mwili ni king'ora. Moyo nao hupiga polepole, na anayejitapisha hupoteza chumvi ambazo moyo unazihitaji. Watu hufa kwa maradhi haya.

Dalili za kuangalia

Dalili moja peke yake si ushahidi. Zikiwa tatu au nne pamoja, usizipuuze:

* Kila mara ana sababu ya kutokula na wengine: "Nilikula shuleni," "Tumbo linauma," "Nitakula baadaye."
* Anaenda msalani mara tu baada ya kula, na kukaa huko.
* Anavaa sweta kubwa hata jua likiwaka, hataki kupigwa picha, hataki kuoga karibu na wengine.
* Anafanya mazoezi kama anayejiadhibu, hata akiwa mgonjwa.
* Anahisi baridi kila mara, nywele zinakatika, anapata kizunguzungu au anazimia gwarideni.
* Hanywi maji mchana kutwa. Vijana transjenda wengi hufanya hivi ili wasilazimike kuingia choo cha wavulana au cha wasichana shuleni. Matokeo yake ni kufunga choo na maradhi ya njia ya mkojo.
* Anajifunga kifua kwa bandeji au gundi ya karatasi. Kifua kilichobanwa hivyo hakipumui vizuri, mbavu huumia na tumbo hukosa nafasi ya chakula. Bandeji na gundi zisitumike kamwe, na asilale akiwa amebanwa kwa nguo yoyote.

Meza inayoponya

Sasa tufike penye matumaini. Kati ya 2013 na 2014, watafiti wa Kanada waliwahoji vijana transjenda 923 wenye umri wa miaka 14 hadi 25. Waliona kwamba waliodhihakiwa na kubaguliwa zaidi ndio waliojinyima, kujitapisha au kula bila kikomo zaidi. Lakini waliona pia jambo la pili. Kijana aliyehisi kwamba familia yake inamjali, shule yake inamtaka na marafiki wako naye, alikuwa na hatari ndogo zaidi. Kinga hiyo haiuzwi katika duka la dawa. Iko mezani kwako.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, achunge ulimi. Nyanchwa, familia nyingi hukutana kwa chakula cha mchana Jumamosi baada ya ibada, shangazi na wajomba wakiwepo, na hapo ndipo maneno humwagika. "Umenona siku hizi!" "Mbona umekonda hivi, nani atakuoa?" "Kula, uwe mwanamume!" Wasemao hawana nia mbaya. Lakini kijana anayeuchukia mwili wake huyabeba maneno hayo wiki nzima. Weka sheria moja nyumbani mwako: hapa hatuzungumzii miili ya watu wakati wa kula. Sheria hiyo iwahusu wote, wakubwa kwa wadogo, ili asionekane yeye ndiye aliyeitungiwa.

Pili, kuleni pamoja, angalau mara moja kwa siku, televisheni imezimwa na simu zimewekwa kando. Usimhesabie matonge. Usimpime uzito kila asubuhi. Usimtishe wala kumhonga. Mpakulie kama wengine, zungumzeni mambo ya kawaida, na akila nusu, usimshangilie wala usimlaumu.

Tatu, usiutaje mwili wake katika sababu za kula. Ukimwambia, "Kula ili upate umbo la kike," umemfukuza mezani. Sema kile chakula kinachofanya: "Huu uji utakupa nguvu ya kutembea mpaka shule," "Maharagwe haya yatakusaidia kukaza fikira katika hesabu." Mwili unaopoteza damu kila mwezi unahitaji madini ya chuma kwa wingi, awe mwenye mwili huo anajiita nani. Unaweza kumpa mboga bila kumpa hotuba.

Nne, fikiria jina. Lugha zetu zina huruma katika jambo hili. Kiswahili na Ekegusii havina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Ukimwita mwanangu, umemwita mtoto wako bila kumchoma. Ikiwa neno "binti" au "kijana wangu wa kiume" linamfanya ainamishe uso kila ukilitamka, "mwanangu" lipo, na halijamvunjia mtu dini yake.

Chakula kipo tele

Kisii ina bahati. Mvua yake ni nyingi, na soko la Daraja Mbili halikosi mboga. Mzazi hahitaji vyakula vya mikebe wala unga wa kujenga misuli unaouzwa kwa bei ya kuruka.

Wimbi ni hazina. Gramu 100 za unga wake zina takriban miligramu 340 za kalsiamu, karibu mara tatu ya maziwa ya uzito huo, ingawa mwili hauichukui yote. Kijana anahitaji miligramu 1,300 kwa siku. Uji wa wimbi asubuhi, maziwa au maziwa lala, na omena kwa wanaowala, vitamsogeza mbele.

*Chinsaga* na managu zina madini ya chuma. Zikipikwa kwa maziwa kama wafanyavyo akina nyanya, uchungu hupungua. Chungwa au pera baada ya mlo husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai huyazuia, kwa hivyo kikombe kingoje saa moja hivi. Maharagwe, njugu karanga na mayai hujenga mwili, na hayamgeuzi msichana kuwa mvulana wala mvulana kuwa msichana. Hofu hiyo wanayo vijana wengi, na inafaa waambiwe wazi: umbo la kubalehe huletwa na homoni za mwili, si na ndengu.

Avokado na ndizi ni vyakula vizuri kwa anayeanza kurudi kula, kwa kuwa ni laini na havijazi tumbo ghafla. Anayeshindwa na milo mitatu mikubwa apewe midogo mitano au sita.

Lakini tahadhari. Kijana aliyekaa siku nyingi karibu bila chakula asilazimishwe kula sahani kubwa mara moja. Chumvi za damu zinaweza kuvurugika na moyo kusimama. Huyo apelekwe hospitali, aanzishwe chakula kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Walimu nao

Mtoto wa bweni humwona mwalimu zaidi ya mzazi. Mwalimu mshauri hahitaji ruhusa ya Wizara ili amruhusu kijana aoge wakati wenzake wametoka, avae suruali ya michezo badala ya kaptula fupi, au atumie choo cha wahudumu. Hayo ni mambo madogo. Lakini kijana aliyepata choo salama atakunywa maji, na aliyekunywa maji atakula.

Mwalimu pia akomeshe majina ya kejeli bwenini na katika foleni ya githeri. Anayechekwa kila anaposhika sahani ataacha kuishika.

Wakati wa kwenda hospitali

Usingoje mpaka abaki mifupa. Akizimia, akilalamikia maumivu ya kifua, miguu ikivimba, akikaa siku bila kula au akisema hataki kuishi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Mjini Kisii ipo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa. Omba kumwona daktari, mtaalamu wa lishe na mshauri wa afya ya akili, wote watatu. Mtaalamu wa lishe peke yake atampa orodha ya vyakula, lakini hatajua kwa nini haliwi.

Baadhi ya wazazi huficha mtoto aliyejaribu kujiua wakiogopa polisi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikuzuie kwenda hospitali. Ukihitaji kuzungumza na mtu kwanza, simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo kutoka popote nchini, na kijana mwenyewe anaweza kuipiga.

Kitu kimoja zaidi. Vijana wengine hununua vidonge vya kupanga uzazi, dawa za kuharisha au dawa za kupunguza uzito katika maduka ya dawa, wakitumaini kuubadili mwili kimyakimya. Vidonge vya homoni bila daktari vinaweza kugandisha damu mishipani. Dawa za kuharisha hukausha maji na chumvi mwilini. Mtoto akikwambia ametumia, usimpige. Mshukuru kwa kusema, halafu mwende pamoja kwa daktari.

Kwako kijana

Ikiwa wewe ndiye tunayekuzungumzia, huenda unasoma gazeti hili umelificha ndani ya daftari. Hujalaaniwa, na hauko peke yako. Njaa inakuahidi mwili mwingine, lakini haina uwezo wa kukupa. Inachofanya ni kukutafuna huu ulio nao, ndio huo huo utakaouhitaji ili umalize shule, upate kazi, ujitegemee na uamue maisha yako ukiwa mtu mzima. Huhitaji kuupenda mwili wako leo. Inatosha uutunze, kama mtu anavyoitunza nyumba ya kupanga anayoishi kwa sasa. Tafuta mtu mzima mmoja unayemwamini, awe nyanya, mwalimu au muuguzi, na umwambie jambo moja tu: "Nashindwa kula."

Mzazi anayeogopa

Tunajua linalomkwaza mzazi. Anaogopa kwamba akiwa mpole ataonekana amekubali, na kanisa na jirani watasema. Wengine hushika ile methali ya samaki mkunje angali mbichi. Lakini samaki hukunjwa ili aenee sufuriani, hakunjwi mpaka avunjike.

Kumlisha mtoto si kutia sahihi hati yoyote. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na matibabu, na hakikuweka kando mtoto wa namna fulani. Huna haja ya kuwa na jibu la kila swali kabla ya kupakua. Unaweza kubaki na imani yako, ukabaki na maswali yako, na bado ukabaki na mtoto wako.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Huyo anayeisukuma sahani kando ni mzaliwa wako. Mvutie kiti, mpakulie, na usiseme neno juu ya mwili wake.